Mkanda umelegea, gari limehama: kutafuta ubovu wa mzigo wa magari juu ya tela

Mkanda haulegei bure. Ukiona umelegea, kuna kitu kimesogea: gari, tela, au akili ya aliyefunga ilikuwa kwingine. Nimebeba magari kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma kwa miaka, mengi yakiwa yale ya kuvuka mpaka tunayoyaita IT, na sasa nikiwa nyumbani napokea simu za vijana walioko njiani. Malalamiko ni yale yale, yanabadilika majina ya vituo tu. Nimeyapanga humu kwa jinsi yanavyojitokeza safarini, na kwa kila moja naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, halafu nashuka hadi ile ya nadra.

Nazungumzia magari madogo na ya kati, kuanzia IST hadi Hiace na Land Cruiser, yawe juu ya tela dogo linalovutwa na pikapu au juu ya kerieri, lile lori la kubebea magari kadhaa. Malori, matrekta na mitambo ya barabara ni kazi ya lobedi na minyororo, ina watu wake.

Kabla hujasoma dalili yako, kamata jambo moja. Gari ni vitu viwili. Kuna bodi, ambayo imekalia springi, na kuna magurudumu, ambayo yamekalia sakafu. Bodi inacheza, magurudumu hayachezi. Anayefunga bodi anagombana na springi kutoka yadi hadi mpakani. Anayefunga magurudumu anaiacha bodi ipande na kushuka inavyotaka, na mkanda hauna habari. Utaona jambo hili likirudi humu mara kwa mara, na sitaomba radhi kwa kulirudia.

"Nimekaza mpaka racheti ikagoma, nimefika Kibaha mkanda unaning'inia"

Hili ndilo linaloongoza. Racheti ni kile kifaa chenye meno na mkono kinachokaza mkanda. Simu ya karibuni ilikwenda hivi:

"Mzee, shikamoo. Mkanda wa nyuma kulia umelegea tena."

"Marahaba. Umeufunga wapi?"

"Kwenye ile ndoano ya chini ya bampa."

"Na tairi lina upepo?"

Kimya. Nikasikia teke, halafu sauti ya tairi lililochoka. "Limekaa kidogo, mzee."

Hapo alikuwa ameshataja sababu mbili za kwanza. Ya kwanza ni mkanda kushika bodi. Gari likipita kwenye rasta, yale matuta madogo ya mfululizo barabarani, springi zinabonyea, bodi inashuka, mkanda unalegea kwa nukta moja, halafu bodi inaruka juu na kuukamata kwa kishindo. Jambo hilo likijirudia rasta kwa rasta, kulabu inajisogeza kidogo kidogo mpaka mkanda unakuwa mrefu kuliko ulivyoufunga. Kukaza tena hapo njiani si tiba. Utalegea tena kabla ya Chalinze. Hamishia mkanda kwenye gurudumu: upite juu ya tairi, ushike sakafu mbele ya tairi na nyuma yake, na uwe na vile vipande vya mpira vinavyouzuia usiteleze pembeni. Magurudumu manne, mikanda minne.

Ya pili ni upepo. Gari lililokaa bandarini au yadi kwa miezi lina matairi yaliyopungua upepo, na mengine yanaendelea kupungua wakati wewe unaendesha. Tairi likisinyaa, mkanda uliolizunguka unabaki na nafasi. Jaza upepo kabla ya kufunga. Nimeona watu wakifanya kinyume: wanafunga, wanakumbuka upepo, wanajaza, na mkanda unakaza kupita kiasi. Usifanye hivyo.

Ya tatu ni mkono. Mkanda unapoingia kwenye racheti uvute kwa mkono mpaka uishe ulegevu wote, kisha anza kukaza, na ndani ya roli, ule mhimili mkanda unaojizungushia, ibaki mizunguko miwili au mitatu. Ukiacha ulegevu mwingi roli inajaa mkanda, na mkanda uliojikunja juu ya mwenziwe unajipanga upya gari likitikisika, kisha unalegea. Mzunguko mmoja nao hautoshi, mkanda unaweza kuchomoka. Angalia pia mkanda haujajisokota chini ya tairi, mahali ambapo macho hayafiki bila kupiga goti.

Ya nne, mkanda wenyewe. Kamba ya nailoni inavutika, na ikilowa inavutika zaidi. Mkanda wa kufungia magari uwe wa poliesta. Utaujua kwa lebo yake ya buluu. Lebo ya kijani ni nailoni, ya kahawia ni polipropilini, na mkanda usio na lebo kabisa ni wa kufungia godoro. Hata poliesta nzuri hujinyoosha kidogo mwanzoni, ndiyo maana kituo cha kwanza ni lazima. Marekani sheria inamtaka dereva akague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kama kilomita 80. Mimi sikusubiri zote hizo. Nilikuwa nasimama Maili Moja, Kibaha, nagusa kila mkanda kwa kiganja, tena Chalinze, kisha kila niliposimama kwa jambo lolote, hata chai.

Mwisho, na ni nadra, meno ya racheti yameisha, au pete ya kufungia kwenye tela inapinda. Racheti unaijaribu ikiwa tupu: ikaze kwa mkono, sikiliza. Kila jino litoe sauti moja kavu. Ikiruka jino, itupe. Pete itazame pale ilipochomelewa. Ufa mwembamba wenye kutu ndani yake umekuwepo kabla ya leo.

Hapa simama. Pete yenye ufa haikazwi, na haichomelewi gari likiwa juu ya tela. Nimemwona fundi wa kando ya barabara akishusha miwani na kuwasha mashine huku tangi la petroli la gari la mtu liko nusu mita juu ya cheche. Shusha gari kwanza. Kama huna pa kulishushia, hamishia mkanda kwenye pete nyingine nzima, endesha polepole hadi yadi iliyo karibu, na huko mwite mchomeleaji anayejua chesisi.

Na usiongeze bomba kwenye mkono wa racheti ili ukaze zaidi. Mkono wa racheti umetengenezwa kwa nguvu ya mkono wa mtu, kama kilo 50 hivi, na mikanda mizuri inaiandika nguvu hiyo kwenye lebo. Bomba linavunja racheti kwa ndani, nawe huoni.

"Gari limesogea mbele," au nyuma, au limelala upande

Mara yangu ilikuwa kwenye mlima wa Kitonga, tukipanda kutoka Ruaha Mbuyuni. Nyuma kabisa ya tela tulikuwa na Noah, imefungwa mbele kwa ndoano za chini ya bodi. Vile vindoano vya chini ya magari ya Japani si vibaya. Viliwekwa ili gari lifungwe ndani ya meli, na meli haipiti kwenye rasta. Sisi tulikuwa tumeshapita rasta na matuta ya Mikumi yote. Kwenye kona moja nikasikia mlio kama mtu ameangusha spana ndani ya sufuria. Kwenye kioo nikaiona Noah imerudi nyuma kama hatua moja, imeegemea mlango wa tela. Kulabu za mbele zilikuwa zimeruka zote mbili. Zilikuwa kulabu wazi, hazina ule ulimi wa kuzizuia zisichomoke. Aliyefunga alikuwa mimi.

Basi sababu ya kwanza ni ile ile: kulabu kwenye bodi. Unaijua kwa kuangalia: gari limesogea, mkanda ni mzima, kulabu inaning'inia. Kama hakuna namna isipokuwa kufunga sehemu ya chini ya gari, tumia kulabu zenye ulimi. Kwa gari lenye ekseli nzima ya nyuma, kama Hilux au Land Cruiser nyingi, zungusha mkanda wa ekseli wenye ala, huku ukihakikisha haujalalia bomba la breki.

Ya pili, mikanda yote inavuta upande mmoja. Kijana anavuta mbele kwa nguvu zote, nyuma anaweka mmoja wa heshima. Gari linahitaji kuvutwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, vilevile kulia na kushoto. Mikanda ya magurudumu inafanya hivyo yenyewe. Kama unafunga kwa ekseli, mikanda ya nyuma iangalie nyuma, ya mbele iangalie mbele, kila mmoja ukielekea nje kidogo. Usiisimamishe wima sana. Mkanda uliosimama wima unalikandamiza gari chini lakini haulizuii kuteleza.

Ya tatu ni imani katika handibreki na herufi P. Ndani ya gia boksi ya otomatiki, P ni kidole kimoja cha chuma kilichoingia kwenye meno ya gurudumu dogo. Kiliwekwa kushika gari lililoegeshwa, si gari linalopigwapigwa usiku kucha. Handibreki nayo ni waya uliochoka wa gari lenye umri wa miaka kumi na tano. Viweke vyote viwili, gari la gia za mkono liache kwenye gia ya kwanza au rivasi, halafu funga kana kwamba hujaviweka. Ongeza kabari mbele na nyuma ya tairi, na uzipigilie au uzifunge kwenye sakafu. Kabari iliyolala tu juu ya bati itatangulia gari lako kuteleza.

Sakafu inafuata. Bati lenye oili, tope la Tunduma, au mbao zilizolowa mvua vinapunguza mshiko mno. Ifute. Maji na sabuni, ufagio mgumu, dakika kumi. Vipande vya mkeka wa mpira chini ya matairi vinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kisha nguvu ya mikanda yenyewe. Kanuni za Ulaya zinahesabu hivi: breki kali inalisukuma gari mbele kwa nguvu ya sehemu 8 kati ya 10 za uzito wake, na kona au kuondoka ghafla kwa sehemu 5. IST ina kilo 1,000 na kitu, kwa hiyo tarajia msukumo wa kilo 800 na zaidi kwenda mbele. Hiace inakaribia tani 2, hapo ni kilo 1,600. Land Cruiser kubwa inapita tani 2 na nusu, fanya hesabu mwenyewe. Kwenye lebo ya mkanda tafuta herufi LC, yaani uwezo wa mkanda kushika mzigo. Namba inayofuata imeandikwa kwa daN, ambayo kwa kazi yetu ni sawa na kilo. Mkanda wa kawaida wa milimita 50 huandikwa LC 2,500 ukivutwa moja kwa moja, lakini nguvu hiyo inapungua ukiulaza kwa pembe, ukiwa umechakaa, au ukishika kitu dhaifu. Usihesabu kana kwamba ni mpya na umenyooka. Marekani sheria inataka gari dogo lifungwe mbele na nyuma, mikanda isipungue miwili, na likizidi kilo 4,536 ifike minne. Mimi hata Vitz naipa minne.

Hapa simama kabisa: gari limeshasogea na limelalia ukingo au mlango wa nyuma. Usipande juu. Usiingie ndani ya gari eti uliwashe ulirudishe. Usifungue mkanda hata mmoja uliobaki umekaza, kwa sababu huenda huo ndio ulioshika kila kitu. Weka tela kabari, weka pembetatu za onyo mbali (matawi ya miti tuliyozoea yanasaidia mchana, usiku hayaonekani), ondoa watu nyuma na pembeni, na uite brekidauni yenye winchi au kreni. Mimi Kitonga nilisubiri saa sita. Bosi alinitukana kwenye simu saa zote sita, na gari halikuanguka.

"Nikifika 80 tela linaanza kuchapa mkia"

Hili ni la matela madogo ya pikapu, na karibu kila mara mikanda haina kosa. Uzito uko nyuma ya ekseli. Pua ya tela, ile ncha ya mbele inayoungana na pikapu, inainuka, tairi za nyuma za pikapu zinapoteza mshiko, na upepo wa basi linalokupita unatosha kuanzisha ngoma.

Jaribio rahisi: ukiwa umepakia, kabla ya kuunganisha, jaribu kuinua pua ya tela. Ikiinuka kwa mkono mmoja, usiondoke. Kwa matela ya mtindo wa Marekani pua inatakiwa ibebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tela la kilo 600 likibeba IST linakuwa kilo 1,600 na zaidi, kwa hiyo puani ziwepo kilo 160 hadi 240. Matela mengi ya Ulaya yana kikomo kidogo zaidi, kimegongwa kwenye kibati, mara nyingi kilo 75 au 100. Fuata kibati kuliko kunifuata mimi. Ukitaka kujua namba ya kweli, nenda kwa mnunuzi wa mazao, egesha tela pua ikae juu ya mizani yake ya magunia. Watacheka, lakini watakupimia.

Dawa ni kusogeza gari mbele. Sentimita ishirini zinabadilisha mengi. Gari lenye injini mbele lipande kwa mbele. Ukizidisha upande huo utajua: taa za pikapu zinaangalia nyota na usukani unakuwa mwepesi kama wa mtoto. Rudisha nyuma kidogo.

Kama uzito umekaa sawa na bado linachapa, pima upepo wa matairi ya tela, kisha tikisa kiungo. Kikicheza na kugonga, kichwa cha kuvutia kimelika au siyo saizi yake. Angalia pia kwamba minyororo ya usalama imepishana chini ya kiungo, ili pua ikichomoka iangukie minyororo badala ya lami. Mwisho weka mgongo wa mkono karibu na habu ya kila gurudumu la tela ukisimama. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, ni beringi au breki inayoshika.

Likianza kuchapa ukiwa kasini, usikanyage breki na usiongeze moto. Achia mafuta, shika usukani umenyooka, liache lipoe. Tela lenye breki zake unazoziendesha kwa mkono zibonyeze taratibu hizo peke yake. Ekseli iliyopinda na beringi iliyounguza grisi ni kazi ya fundi, na kuifikia gereji ni kwa kuvutwa ukiwa mtupu, gari likiwa limeshushwa.

"Mkanda umekatika," au umeanza kutoa nyuzi

Pitisha vidole kwenye ukingo wa mkanda wote ukiwa umefumba macho. Vidole vinaona kuliko macho. Utakuta mahali pamoja panakwaruza kama ndevu za siku mbili, na ukifuata mahali hapo mpaka kwenye tela utakuta ukingo wa chuma, kichwa cha bolti, au mdomo wa rimu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Funika ukingo kwa ala au kipande cha mpira mgumu, au badilisha njia ya mkanda. Mkanda unaopita kati ya spoki za rimu unakatwa na rimu na wenyewe unaikwaruza rimu: hasara mbili.

Kuna wanaopitisha mkanda karibu na ekzosi au diski ya breki. Gari limetoka kuendeshwa, vyuma bado vina moto, na poliesta imewekewa kikomo cha joto la nyuzi 120 za Selsiasi. Inakakamaa na kung'aa pale ilipoungua. Jua nalo linaila pole pole. Mkanda uliopauka na kukakamaa umezeeka hata kama hautoi nyuzi.

Ukingo ukikatika milimita 5 kwenye mkanda wa milimita 50, umeisha. Usiufunge fundo. Fundo peke yake hula karibu nusu ya nguvu ya mkanda. Na usimpelekee fundi viatu aushone. Namheshimu fundi viatu, lakini uzi wake umepimwa kwa soli. Kata mkanda vipande viwili kabla ya kuutupa, la sivyo utingo wako atauokota.

"Gari limefika, lakini usukani umekaa upande"

Mkanda ulishika mahali pasipostahili. Cha kwanza kutazama ni tairodi, kile chuma chembamba kinachogeuza tairi. Kinakaa mahali pazuri pa kuingiza kulabu, na ndicho kinachopinda upesi. Kisha amu, stabilaiza, na mabomba ya breki. Kwa mbele kuna kile kipete kinachofungwa kwa kuzungusha kwenye bampa. Kimewekwa kuvutia gari mbele likinasa tope, si kulifunga kwa kulivuta pembeni, na kikipinda kinaacha uzi umeharibika.

Usilikabidhi gari hilo na usiliendeshe zaidi ya kulishusha. Lala chini na tochi. Bomba la breki lililobanwa au lenye unyevu ni sababu ya kulivuta hadi gereji hata kama kanyagio linajibu vizuri. Tairodi iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo, inabadilishwa, kisha gari linapimwa alaimenti. Mpigie mwenye gari mwenyewe kabla hajaliona.

Kelele

Mkanda unavuma kama nyuki barabarani: sehemu ndefu iliyo hewani inapigwa na upepo. Uvue, uupe nusu msokoto mmoja kwenye sehemu hiyo ndefu, kaza tena. Mmoja tu, na usiwe kwenye racheti wala chini ya tairi.

Gari linalia alamu usiku kucha juu ya kerieri: mtikisiko unaiamsha, na kufika Makambako betri imekufa. Izime au ukate betri kabla ya kuondoka. Ila kwa magari yenye handibreki ya kitufe, hakikisha imeshika kwanza, maana bila umeme hutaiweka wala kuitoa.

"Gari haliwaki, nalipandishaje?"

Kwa winchi, ufunguo ukiwa umegeuzwa ili usukani usijifunge, mtu akiwa pembeni na si nyuma. Kumbuka kwamba gari lisilowaka halina msaada wa breki: kanyagio gumu, mguu mmoja hautoshi. Kama linatiririsha petroli, halipandi mpaka liache kutiririka.

Gari la haibridi lililopata ajali, Prius au Aqua kwa mfano, lichungulie lakini usiliguse chini. Ukiona nyaya nene za rangi ya machungwa zimekatwa au kuchubuka, ukisikia mlio wa kuchemka, au ukinusa harufu tamu ya kemikali, rudi nyuma. Hapo anahitajika fundi wa haibridi wa kuzima umeme wa betri kubwa, na moshi ukitoka ni zimamoto. Hata likizimwa, lisibebwe katikati ya magari mengine.

"Nimefika, racheti imegoma kufunguka"

Kabla ya kuilazimisha, jiulize inashika nini. Tela likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, gari lote linaweza kuwa limeegemea mkanda huo mmoja. Weka kabari, hakikisha handibreki, hamisha tela mahali tambarare kama inawezekana. Kisha kaza kidogo, nusu jino, ili kidole cha racheti kipate nafasi, vuta kitasa, fungua mkono mpaka ulale bapa kabisa. Nyingi zinazogoma zinagoma kwa sababu mkono haujafika mwisho. Vumbi na kutu vinafuata: dawa ya kulainisha, subiri dakika tano, gonga kwa kipini cha nyundo.

Ikiendelea kugoma, fungua mikanda mingine yote ibaki hiyo, ila kwanza gari liwe limezuiwa pande zote mbili. Kukata kwa kisu ni hatua ya mwisho. Mkanda uliokaza unapokatwa unaruka na kulabu yake, na sijaona mtu aliyejua mapema utaelekea wapi. Simama pembeni, uso usiwe kwenye mstari wa mkanda, mtu yeyote asiwe mbele wala nyuma ya gari. Utingo ashuke chini kabisa, asibaki juu ya tela akishika taa ya simu ili wewe uone vizuri.